Kibao Nilichokiandika Mimi

Ami Khalfani,

Shikamoo. Najua leo hapatakuwa na marahaba, lakini sijawahi kuanza kusema na wewe bila ya kukuamkia, na siwezi kuanza sasa.

Ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Barua hii nimeiandika mara nne na mara nne nimeichana. Leo nimebaki peke yangu ofisini, saa nane imepita na wenzangu wote wameshakwenda kula. Nataka niimalize kabla mlinzi hajaja kufunga milango.

Nimewaambia, Ami. Nimemwambia mudiri, mkuu wa ofisi yetu, mbele ya watu wote kwamba maneno ya kile kibao cha wadini, kule bondeni, niliyatunga mimi, na kwamba wewe hukupunguza hata herufi moja.

Damu na sisi hukuwa nayo. Ulikuwa rafiki wa baba tu tangu Unguja, ukichora mbao za maduka kule, na ulitutangulia kuja huku Omani, hapa Ibra. Sisi tulipofika, baba akiwa mgonjwa na mimi sijui hata kuitikia salamu za jirani kwa Kiarabu cha huku, wewe ndiye uliyekwenda kumwambia mudiri kuwa kuna binti kasoma Kiingereza skuli, anaweza kufasiri. Ndipo nikapata meza hii. Mimi nikawa naandika Kiingereza cha vibao vya barabarani, na wewe ukawa unavichora.

Unaikumbuka safari ya Nizwa? Kwenye ule mkahawa ulioandikwa ukutani NO SMOKING FOOD ALLOWED, yote mstari mmoja. Mwenyewe alitaka kusema sigara hapana, chakula ruhusa. Wewe ukamwita mtumishi, ukamuuliza kwa adabu kama wali wake unatoa moshi, maana ukitoa moshi basi umekatazwa. Tulicheka mpaka Izki. Halafu ukanambia, umeshaacha kucheka, kwamba anayeandika kibao hapati nafasi ya kusimama pale kumfahamisha msomaji. Nilikusikia, lakini sikukuzingatia.

Lami ilipofika wadini, penye lile bonde linalokaa kavu mwaka mzima na siku moja mvua ikinyesha milimani likashusha maji ya kumchukua ngamia, muhandisi alisimamisha nguzo nyeupe kila upande wa barabara, na kila nguzo akaitia mstari mwekundu usawa wa goti. Maji yakifika kwenye mstari, usivuke. Kiarabu chake kilikamilika, kimesema yote hayo. Kiingereza kiliachiwa nafasi finyu chini ya kibao. Nikachukua kalamu nikaandika STOP WHEN RED. Simama ikiwa nyekundu. Maneno matatu, yameenea vizuri, nikajiona hodari.

Ulikuja na karatasi mkononi, ukasimama hapa hapa mbele ya meza yangu.

"Mwanangu, hii nyekundu ni ya nani?"

Nikacheka. Ukasema kwa Kiswahili ungejua, maana maji yangekuwa mekundu, na alama ingekuwa nyekundu, na kila kimoja kingejitaja chenyewe. Lakini kwa Kiingereza neno ni lile lile, halikwambii linamhusu nani. Nikakujibu kwamba kila mtu ataiona nguzo, kwamba nafasi hakuna, kwamba mudiri ameshapiga muhuri. Ukanitazama kidogo. "Haya," ukasema, "mimi mchoraji tu." Ukenda ukakichora, na herufi zako zilikuwa nzuri kuliko zote ulizopata kuchora.

Yaliyotokea unayajua, lakini niache niyaandike, kwa sababu sijapata kuyaandika.

Hamza, yule dereva wa Kimalabari kutoka Uhindi, alikuwa anatoka Sur na pikapu ya samaki wa barafu. Kiarabu hakuwa anajua kukisoma, alikuwa na Kiingereza chake cha skuli. Mkondo wa kwanza, ule wa tope jekundu, ulipita asubuhi. Alipofika yeye, maji yalikuwa meupe yenye mapovu, lakini bado yapo juu, yameshaifunika ile alama. Akasimama, akashuka, akasoma. Akatafuta kitu chekundu na asikione. Akarudi garini akavuka. Watu wa kijiji walimtoa kwa kamba, kashikilia mti, mguu wake umevunjwavunjwa na mlango wa gari. Wakaukata chini ya goti.

Tulikwenda kumtazama, mimi na wewe. Ulichukua machungwa. Alituambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, akiniomba radhi kama kwamba kanikosea mimi: "Nilisoma, dada. Maji meupe, nguzo nyeupe. Nyekundu sikuiona." Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukaanza kummenyea chungwa.

Tajiri wake alitaka kumrudisha kwao mikono mitupu, akisema anajua kusoma na kibao kakidharau. Mudiri akatuita. Akauliza Kiingereza kile ni cha nani. Ami, nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo, na sauti haikutoka. Niliwafikiria baba kitandani na wadogo zangu wanaonitegemea mimi. Na pale niliposhindwa mimi, ukasema wewe.

"Bibi aliandika maneno kamili. Mimi niliyakata, hayakuenea."

Hamza akasalimika, wakamkalisha kwenye ghala ya mwajiri wake na kazi ya kukaa kitako. Wewe ukaambiwa usirudi tena ofisini kwetu. Nilikukimbilia nje nikilia, ukanambia ile karatasi yenye hati ya mkono wangu umeshaichana, nisiseme neno kwa mtu. "Wewe una miaka mingi mbele yako ya kuandika vibao. Viandike vizuri." Ukapanda baskeli yako.

Nikanyamaza. Mwaka mzima nikanyamaza, nikiona wenye maduka wanavyokuacha mmoja mmoja, wakisema ndiye yule mchoraji anayekata maneno. Nilikuwa nikipita njia ya nyuma ya soko nisikuone umekaa bure mlangoni. Ukiniona ulikuwa ukiniita uniulize hali ya baba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Kisha ukaanguka bafuni siku ya Jumanne, na hukuamka tena.

Nilikwenda kwa Bi Zuwena kwanza, kabla ya mudiri. Mkeo ndiye mwenye haki ya kusikia mwanzo. Alikuwa anachambua dengu uani. Nilimwambia yote nimesimama. Nilidhani ulimwambia siri yetu. Hakuwa na habari. Akaitoa sinia mapajani, akaiweka chini.

"Mimi nilimgombeza mwaka mzima," akasema. "Nikimwambia, kwa uvivu wa brashi yako umemtia mtu kilema. Kila siku nikimwambia. Na yeye akininyamazia."

Kisha akanambia nitoke.

Asubuhi yake nikenda kwa mudiri, nikaomba wenzangu waitwe. Aliniuliza kwa nini leo. Nikasema kwa sababu mchoraji wako amekufa na jina baya ambalo ni langu. Hakunifukuza. Cheo nilichokuwa nakingojea kapewa mwengine, na amefanya haki. Kwenye faili lako ameandika kwa mkono wake kwamba hukuwa na kosa. Nimeyaona maandishi. Halafu akaniamrisha nipitie Kiingereza cha kila kibao chetu, mpaka Jalan Bani Bu Ali.

Cha wadini nilianza nacho. Nimeomba ubao mkubwa mara mbili. Niliandika kwamba usivuke ikiwa maji yamefika kwenye alama nyekundu ya nguzo, na safari hii kabla hakijachorwa nilikitembeza. Nilimsomesha mpika chai wetu, nikamsomesha fundi mmoja wa Kipathani anayejenga ukuta. Nimejifunza nisiwaulize kama wamefahamu, maana kila mtu husema ndiyo. Nawauliza, utafanya nini? Mwisho nikampelekea Hamza ghalani. Akasoma mara mbili, akaweka mkongojo chini, akauliza: na kama maji yameshaipita alama, mtu ataiona wapi? Nikaona aibu, Ami, kwa sababu nilikuwa nakaribia kumzamisha tena. Basi mstari wa pili ni wake yeye: IF YOU CANNOT SEE THE RED MARK, STOP. Usipoiona alama nyekundu, simama.

Mchoraji mpya herufi zake zimelala upande. Wewe ungezifuta.

Kwa Bi Zuwena nimerudi mara tatu. Mara mbili binti yake alitoka akanambia mama amepumzika. Ijumaa iliyopita alifungua mwenyewe. Hakunikaribisha. Aliupokea mkate wa kumimina niliomchukulia, akauliza kama na mudiri nimemwambia. Nikasema ndiyo. Mbele za watu? Mbele za watu. "Basi," akasema, akaurudisha mlango taratibu.

Sikuombi uniombee kwake. Ana haki ya kukasirika muda anaoutaka. Lakini nakuahidi, Ami, mkeo hataachwa peke yake. Akinifungulia nitakaa nimsikilize, na kama ni kunigombeza, zamu hii ni yangu kumnyamazia. Asipofungua nitaacha sahani kizingitini.

Mwenyezi Mungu akupanulie ulipolala, akutilie mwangaza humo, na anijaalie siku nitakayokuona tena niweze kukutazama usoni. Mlinzi ameshafika, anatikisa funguo. Nakuaga, Ami yangu. Kesho ni Ijumaa, nakwenda kubisha hodi.

Mwanao,
Asya