Jumatatu ya Nabintu

Siku ya tano, 12 desemba 1975
Mu Bukavu muzima, toka Kadutu mpaka Nguba, hakuna mutu anasoma barua kama mimi Mugisho. Nikianza kusoma, hata mbuzi ya jirani inanyamaza. Ku masomo walinifukuza mu darasa ya tano primaire juu walikosa tena cha kunifundisha.

Leo nimesomea Maman barua, kama kawaida. Ya dada yangu Nabintu. Aliolewa Kigoma, miaka ine Maman hajamuona. Sasa iko na mutoto. "Njoo Bujumbura kwa ndege Jumatatu kabla ya Noeli. Nitakungoja uwanjani na mtoto. Jumanne jioni tunapanda meli kurudi Kigoma." Chini, adresi ya duka ya shemeji yake kule Bujumbura.

Angalia Kiswahili ya kujikweza! Maman akauliza Jumatatu na Jumanne njo siku gani. Nikajibu mbio: Jumatatu ni siku ya tatu, Jumanne ni ya ine. Mwenye akili anasikia tu ndani ya neno.

Siku ya kwanza, 15 desemba
Ku biro ya ndege. Ya Bujumbura inatoka Kavumu mara mbili kwa juma: siku ya kwanza na siku ya tatu. Karani akasema: "Petit, kamata tarehe 22. Tarehe 24 batu ni mingi, na mvua ikikaza ndege inalala."

Nikamwambia: "Papa, sikukuja kuomba shauri. Nilikuja kukamata biye ya ndege."

Alicheka. Akaandika 24. Nafasi ya mwisho! Nilitoka natembea kama commissaire. Mbuzi zote mbili za Maman tuliziuzisha juu ya hii biye. Hakuna feza ya kununua ingine.

Siku ya sita, ya posho, 20 desemba
Mvua. Maman anafuma kofia ya mutoto. Anaipima ku goti yangu. Nikamwambia haitaenea, mutoto atakuwa na kichwa kubwa ya akili kama mjomba yake. Alinipiga na sindano.

Siku ya kwanza, 22 desemba
Jua kali. Ndege ilipita juu ya ziwa. Maman alisimama mu kiwanja akaiangalia mpaka ikapotea. "Kesho kutwa ni yangu."

Siku ya pili, 23 desemba
Soko ya Kadutu, asubui. Mwanamuke wa Kigoma anauzisha ndagala; yeye anaziita dagaa. Nikamuuliza mbona ni kidogo. "Mzigo mwingine kesho. Leo Jumanne tu, mwanangu."

Nikamucheka. "Mama, leo ni ya pili. Jumanne imetoka wapi?"

"We kijana, kwetu tunaanza kuhesabu Jumamosi, ninyi mnaanza Jumatatu! Jana Jumatatu, leo Jumanne."

Soko yote ilicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikatosha barua ya Nabintu mu mufuko, nikaisoma tena.

Jumatatu ilikuwa jana. Meli ni leo jioni.

Nyumbani Maman anapanga kofia mu sakoshi ya safari. "Mugisho, bila weye ningefanya je?" Nikamusaidia kuifunga. Ndagala nilisahau kununua.

Siku ya tatu, 24 desemba
Kavumu. Nilisali mvua inyeshe. Haikunyesha. Maman alipanda na kitenge mupya, akanipungia mukono mpaka walifunga mulango.

Siku ya ine, 25 desemba
Noeli. Serikali inasema ni siku ya kazi tu, hakuna feti tena. Muzuri. Sina feti.

Siku ya kwanza, 29 desemba
Maman amerudi. Kofia iko mu sakoshi bado.

Ku duka ya shemeji walimwambia Maman: Nabintu alingoja uwanjani siku muzima. Alilia. Kesho yake alirudi tena kuangalia, kisha jioni akapanda meli na mutoto mu mugongo.

Maman hanikasirikii. Anaambia majirani: "Kigoma iliharibu Kiswahili ya binti yangu. Mugisho alisoma muzuri, Nabintu njo alikosa." Majirani wanatikisa kichwa. Nami ninatikisa.

Kusoma vibaya si kitu, hata mwalimu anakosaga. Lakini ile siku ya pili, saa ine ya asubui, nilisha kujua. Adresi ilikuwa mu mufuko. Telegrame ya kumwambia angoje ingefika ku duka mbele meli haijaondoka.

Nilipita mbele ya posta. Mulango ulikuwa wazi.