Siku Tatu za Korokoroni

Nakijwa mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Usangi hatujambo, na kikohozi cha babu yako kimepoa.

Umeniuliza korokoroni ni nini. Zamani korokoro alikuwa mlinzi, na korokoroni ndiko kwake, walikofungiwa watu wakingoja kesi. Baba yangu alilala humo siku tatu kwa kufungulia maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, siku isiyo zamu yake. Jirani yetu Eliamini ndiye aliyemshtaki.

Zamu yetu ikafika baba akiwa ndani. Mama, mjamzito, alijikokota hadi shambani, akamkuta Eliamini na jembe, anayaelekeza maji kwenye mahindi yetu.

"Mwenye kosa ni mumeo," alimwambia. "Mahindi hayajakosa kitu."

Sijaona tena muungwana kama yule.

Baba alipoachiwa asubuhi, alipitia kwanza kwa Eliamini. Nyumbani alifika jioni, miguu yote tope la shamba la jirani.

Bibi yako