Mkate Uliosahauliwa Tanurini

Nizwa,
12 Machi 2003

Dada yangu Mahfudha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Sur goti limepungua kuuma, na shemeji Hamed na mama yake wazima. Sisi huku hatujambo kwa kuhesabu vichwa. Kwa mengine, soma mpaka mwisho kabla hujanyanyua simu.

Umeshasikia kwamba mwanao Taghreed, uliyemwacha huku kwangu asome, alilazwa siku tatu. Ameshatoka. Mashavu yanambambuka kama rangi ya ukuta ulioliwa na chumvi. Daktari amesema atapona, ila kwa miezi, na jua asilione. Alikuwa akijipaka krimu ya kujichubua tangu Ramadhani, na wiki ya mwisho aliichanganya na dawa ya kung'arishia nguo.

Unanijua, sikukaa kitako. Nilikwenda mpaka duka la Firq alikoinunua, nikamwuliza mwenye duka kama bintiye naye humpaka. Akanijibu kwamba wanunuzi wake wakubwa ni akina mama wa rika langu, tena wenye dhahabu mikononi. Nikamwambia nitaliandika duka lake gazetini, na nikaliandika. Nikaenda skuli nikamwambia mwalimu mkuu kwamba wasichana wake wanaitana makaa, naye kashughulika na urefu wa mitandio. Nikazilaani televisheni zinazotutangazia weupe katikati ya taarifa ya habari. Hayo yote nayasimamia. Sirudishi neno.

Nawe wajua kwamba kila Jumatano huwakusanya wasichana hapa, nikawaambia mwili si bidhaa, rangi si daraja, na wasimwombe mtu radhi kwa walivyoumbwa. Taghreed hukaa mstari wa mbele. Nilidhani ananisikiliza.

Juzi nilimwuliza ni nani aliyemtia maneno kichwani. Nilitaka jina; kalamu ninayo. Akanijibu kwa Kiswahili. Dada, mtoto huyu tangu azaliwe hatujamsikia akisema Kiswahili zaidi ya shikamoo. Ngeli zilimgongana mdomoni, lakini maana haikumpotea. Alisema ni mimi.

Si unaijua desturi yetu: watoto wakiwapo, mambo ya wakubwa tunayasema Kiswahili, tukiamini wao wanajua Kiarabu tu. Jumatatu moja ya Shaabani walikuja kina Bi Tamima kunywa kahawa. Walikuwa wakimtafutia kijana wao mke. Taghreed alikuwa akimimina. Nikamsifu kwa Kiarabu, mashallah, mrembo wetu. Kisha nikawageukia wenzangu nikasema kwa Kiswahili kwamba huyu ni mkate uliosahauliwa tanurini, kachukua rangi ya bibi yake mzaa baba, wa Tabora, na mchumba itabidi tumtafutie gizani. Tukacheka. Bi Tamima alicheka mpaka akafuta machozi. Taghreed akamjazia finjani, akaenda kwa mwingine, hakumwaga hata tone.

Alinirudishia neno kwa neno. Hata kicheko cha Bi Tamima alikiiga, na alikiiga vizuri.

Nilimwomba radhi. Akasema radhi ya chumbani haimfai, maana kumcheka kulikuwa mbele za watu. Anataka wanawake walewale waitwe, amimine yeye, na uso wake ulivyo, na mimi niyarudie maneno yale kwa Kiarabu, niseme ni yangu. Kwa Kiarabu, alisema, hatuwezi tena kujifanya hayupo.

Nimewaita Jumatatu ijayo. Nimeandika makala kumi na tisa juu ya wasichana na heshima yao, dada, na sentensi hiyo moja tangu jana naijaribu mbele ya kioo, haitoki. Ikitoka au isitoke, mtoto atakuwa amesimama pale na dele la kahawa akinisubiri.

Ukitaka kuja kumchukua, sina uso wa kukuzuia. Nakuomba tu umwache mpaka Jumatatu ipite. Ndilo alilolitaka.

Msalimie shemeji. Mama yake mbusu mkono kwa niaba yangu, ila usimwambie nilichosema juu ya rangi yake. Hilo nalo nitakuja kulisema mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Sheha