Tabaka za Mshazari

Leeds, 25 Februari 1994

Kaka Baya,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Mimi mzima, baridi tu inanionea. Goti la Mzee wetu linaendeleaje?

Tajiri wako wa karakana ya Liwatoni aliniomba nimchoree kidaraja cha faiba cha kushukia mashuani. Mchoro ndio huu. Tafadhali, tabaka moja ya kitambaa cha nyuzi za kioo ilaze kwa urefu, inayofuata mshazari, ya tatu mshazari wa upande wa pili. Hizo za mshazari ndizo zinazozuia kidaraja kisijipinde.

Nduguyo,
Chirau

Majengo, 12 Machi 1994

Chirau,

Sisi hatujambo, Mzee ni goti lile lile. Mzee kaubandika mchoro wako ukutani, hata wauza samaki anawaita waje kuutazama. Miaka kumi na miwili napaka gundi ya faiba, mikono imebabuka, na hajamwita mtu kutazama mashua yangu hata moja. Nakuonea wivu, nakwambia wazi. Sote tulifaulu mtihani. Mimi nikaenda kazini kwa kuwa mkubwa ni mimi, wewe ukaendelea na masomo.

Tabaka zote nimezilaza kwa urefu, kama mbao. Kimetoka kizuri, kinang'aa. Tarehe tisa Aprili kitazinduliwa, na Mzee atakivuka wa kwanza.

Kakako,
Baya

Leeds, 23 Machi 1994

Kaka,

Nisamehe, leo salamu zitangoja. Mtu akikanyaga pembeni, kidaraja hicho kitajipinda na kupasuka. Kabla Mzee hajapanda, kipakie mifuko ya mchanga, yote upande mmoja. Usiniamini mimi, jionee mwenyewe. Wivu hata mimi ninao: kila siku wewe unakula na Baba.

Nduguyo,
Chirau

Majengo, 15 Mei 1994

Mdogo wangu Chirau,

Hujambo? Sisi wazima, na Mzee mzima. Najua hiyo ndiyo salamu uliyokuwa ukiingoja.

Barua yako ilifika tarehe sita Aprili. Nikakaa nayo mfukoni siku mbili. Tarehe nane nikapakia mifuko kwa hasira, nipate kukuaibisha. Mfuko wa tano tu, kidaraja kikapasuka mwanzo hadi mwisho, upande ule ule ambao Mzee huuegemea kwa ajili ya goti. Nilikaa chini nikalia.

Kingine nimekilaza kama ulivyochora. Jana Mzee alikivuka, akauliza uimara huo ni kazi ya nani. Nikamwambia ya Chirau. Haikuwa rahisi, lakini nililitaja jina lako.

Wivu haujaisha, usidhani. Kipande cha kile kilichopasuka nimekutilia kwenye bahasha. Hiyo ni kazi yangu peke yangu.

Kakako,
Baya