Saruji Yako na Ua Wetu

Nyumbani, mlango wa uani
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na kile kikohozi kimekuachia? Usinijibu "kidogo kidogo" kama kawaida yako. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo una afya tele. Mwanangu anaota meno, kwa hiyo ukiona mwandiko unapinda, ujue naandika naye mgongoni.

Mifuko ya saruji uliyotuma ilifika salama. Fundi naye alikuja kupima uani, vyumba viwili vya kupangisha, kama ulivyoagiza. Nimemrudisha. Usikunje uso kwanza, nikueleze.

Nilipojifungua nilikuwa hoi, hata kubeba beseni hadi mferejini nilishindwa. Maji ya kuogea mtoto nikawa nayamwaga papo hapo mlangoni, juu ya maganda ya jikoni. Ukaota mche wa boga. Sikuupanda, kaka! Ukatambaa, ukakwea ukuta, ukashukia kwa fundi cherehani, yule tuliyekuwa hatusalimiani kwa ajili ya takataka. Nilijua ataukata. Siku moja nikasikia sauti juu ya ukuta: "Jirani, boga lako limezalia kwangu. Nile au nikushtaki?"

Mama akamjibu kabla yangu: "Kula, lakini upande wako umwagilie mwenyewe!"

Basi naye akapanda mchicha kwenye magunia. Muuguzi wa nyumba ya kona akapanda maharage, sisi viazi vitamu. Mbegu zikawa zinapita juu ya ukuta kama watu wanaoazimana chumvi.

Kisha mvua ikabomoa daraja. Malori hayakuja. Yule mwenye duka tunayemwita Kesho, maana kwake kila kitu kitafika kesho, safari hii hata kesho yenyewe haikufika. Rafu zilibaki na viberiti na dawa ya viatu. Nilimtazama mwanangu, nikarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Lakini tulikula, kaka. Mtaa mzima uliinjika sufuria mpaka daraja likatengenezwa. Kesho mwenyewe alikuja na bakuli, amevua kofia. Nami asubuhi moja nilichimba shina moja la viazi. Vikatoka, vikatoka, nikakaa kwenye tope nikivitazama kama mjinga. Ardhi ile ile tuliyokuwa tukitupia vigae! Mimi nilidhani chakula hutoka kwenye lori. Mpaka leo nikifungua mlango ule napunguza sauti, sijui kwa nini.

Najua umejinyima kununua saruji hiyo, na nakuheshimu. Lakini ua ukishafunikwa haufunuliki tena, na siku lori lisipokuja hatutapika kodi ya wapangaji. Hapo sisogei.

Mfuko mmoja nimeshaufungua. Kabla sijamrudisha, fundi wako alitujengea tangi la maji ya mvua. Iliyobaki iko chumbani kwako, imefunikwa vizuri. Uje uamue mwenyewe; ila upite mlango wa uani, na uangalie unapokanyaga.

Mama, shangazi na fundi cherehani wanakusalimu. Ndani ya bahasha kuna mbegu za boga lile. Mpe wifi, hata ndoo kuukuu inatosha. Mungu akuwekee mkono popote ulalapo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mkaidi yule yule.