Ombi la Mvua Kabasa

Jumapili jioni, Bunda

Bado lile ombi linanikera. Mwisho wa ibada hapa Kabasa, Mzee Magesa alisimama: "Mchungaji, pamba yangu nimeianika nje. Omba mvua isinyeshe." Kabla hajakaa, Mama Nyamisi naye akasimama: "Ng'ombe wangu wamekonda, malisho yamekwisha. Mimi naomba inyeshe."

Kanisa zima likanitazama. Nikafumba macho, nikasema, "Bwana, mapenzi yako yatimizwe." Wakaitikia amina, lakini ya unyonge.

Mlangoni Mzee Magesa alinipa mkono bila kuniangalia. "Wewe ukibanwaga, unajificha kwenye ombi hilo."

Nilikasirika. Nimelihubiri miaka yote, yeye atanifundisha nini?

Nyumbani nikafungua habari za Gethsemane ili nijitetee. Yesu naye alimwachia Baba mapenzi yake, lakini kwanza alisema anachotaka: kikombe kimwepuke. Mimi sikumwombea Magesa, wala sikumwombea Mama Nyamisi. Nilijiombea mimi, nisilaumiwe.

Ngurumo imeanza upande wa ziwa. Mzee anaishi peke yake, pamba iko nje, na mimi bado nimekaa naandika.