Mama na Mafuta Mazuri

Mombasa, Machi 1996

Kwa kaka yangu mpenzi Hamidi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na baridi ya Uingereza imekuhurumia. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, na Mama ndiye anayetuchekesha kila siku.

Usishtuke nikikwambia kuwa mwezi uliopita kifua kilimbana. Tangu tutoke kambini tukapanga chumba mjini, chakula chake ni viazi vya kukaanga na maandazi. Samaki hataki hata kumwona, na sababu unaijua. Tangu mashua yetu ipinduke tukikimbia vita Kismayo na Baba akabaki baharini, husema hawezi kula kilicholelewa na bahari ile. Sikuthubutu kumlazimisha.

Daktari wa zahanati alimpima damu, akatueleza kuwa mafuta ya damuni, kolesteroli, yako mabaya na mazuri. Mabaya huganda kwenye mishipa mpaka njia ya moyo ikasongeka. Mazuri huyazoa yale mabaya na kuyarudisha kwenye ini yakatolewe. Kwa Mama mabaya yalikuwa tele, mazuri haba. Mama akauliza hayo mazuri yanauzwa kwa kilo au kwa kibaba, amtume mume wangu Jaafar. Daktari alicheka hadi akavua miwani. Akasema hayauzwi: atembee kila siku, apunguze vya kukaanga, ale kunde na samaki, na dawa asiache.

Basi Mama anatembea! Huvaa raba za Jaafar chini ya buibui, na majirani wawili wameshamfuata. Dawa anameza, kunde anakula. Lakini samaki, ng'o!

Sasa nikwambie jambo nililowaficha nyote isipokuwa Jaafar. Nina mimba ya miezi minne. Baada ya zile mbili zilizoharibika kambini, niliogopa hata kuitamka. Ijumaa nilimwambia Mama. Aliniwekea mkono tumboni, akalia. Kisha akasema, "Mtu hapakati mjukuu akiwa kaburini, mwanangu. Kaninunulie samaki changu, umchome, umtie ndimu."

Alikula huku machozi yakimtoka, Hamidi, lakini alikula, akafyonza mpaka kichwa.

Mama anakupa salamu nyingi, na anataka mjomba mtu achague majina mawili, la kike na la kiume, ayalete upesi. Jaafar naye anakusalimu. Mola akulinde ugenini.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Kuluthumu